Waliochafua Hali ya Hewa

Jina langu lilipotokea kwenye kioo nilicheka. Nilidhani mtambo unanikaribisha kazini kama unavyofanya kila asubuhi: Sikudhani Mbonde, mfuatiliaji daraja la pili. Nikabonyeza liondoke. Halikuondoka. Nikatazama vizuri, juu yake kulikuwa na maneno mekundu: MDOMO WA KWANZA.

"Mkuu," nikaita, "Chimbuko limeharibika. Linanipa jina langu mwenyewe."

Bwana Lwitiko alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha uji. Ni mtu wa Kyela, mpole, hajui kupaza sauti hata nyumba ikiungua. Hakugeuka. "Halijaharibika, Siku," akasema; wote huniita hivyo kwa kifupi. "Nimelirudia mara tatu kabla hujafika."

Nikacheka tena, kidogo. Halafu nikaona kikombe chake hakijaguswa, uji umeota utando juu.

Chimbuko ndilo lililokuwa linanilisha. Uvumi ukipita mdomo hadi mdomo unachakaa: huyu anaongeza kiapo, yule anadondosha neno, wa tatu anaweka jina la jirani asiyempenda. Chimbuko linasoma uchakavu huo kurudi nyuma, kwa kupitia vipokezi vya masikioni ambavyo kila mtu bondeni anavaa kwa ajili ya simu na bei za mpunga. Ni kama kuwafuata siafu mpaka shimoni. Sheria inaturuhusu kuuliza swali moja tu, tena wakati wa hatari: nani alisema kwanza? Miaka minne nimeifanya kazi hiyo, na nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Uvumi wa chanjo ya ng'ombe niliupata mzizi kwa dakika kumi na moja, nikaenda kunywa chai.

Uvumi wa safari hii ulitugusa sisi wenyewe wa Kituo cha tahadhari ya mafuriko, na ulikuwa mfupi: Watu wa Kituo ndio wanaochafua hali ya hewa, tena makusudi. Ulianza hivyo, miezi miwili tu iliyopita. Sasa ulikuwa umeota mikono na miguu. Mnara wetu wa kupimia maji, ule uliosimama kwenye kona ya mto chini ya kijiji cha Kipapuni, eti hauna vipimo ndani, una koki. Eti tukitaka mafuriko tunaifungulia, watu wakimbie, ardhi ichukuliwe. Kipapuni nzima hawauiti mnara tena. Wanauita Koki, na wanakuonyesha kwa kidole.

Na maji yenyewe, ya kweli, yalikuwa yamevunja tuta la juu alfajiri ile ile. Mvua ilinyesha mbali, huko milimani, siku sita bila kupumzika. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka, anga safi. Saa kumi alasiri maji yangefika Kipapuni kwa kimo cha mapaa. Matrela kumi na mawili yasiyo na dereva yalikuwa yamesimama mwisho wa kijiji tangu jana, milango wazi. Katika watu mia nne na kumi na wawili, hakuna aliyepandisha hata kuku.

Mmoja wao ni Shangazi Tatu. Alinichukua nina miaka minne, baba alipofariki, na kila kitu nilicho nacho mwilini mwangu kimekua kwa wali wake.

"Sikiliza," Lwitiko akasema, akagusa kioo.

Nikasikia taarabu. Nikasikia vigelegele. Mungu wangu, ilikuwa harusi ya Hemedi, mtoto wa pekee wa Shangazi. Nakumbuka siku ile kama jana: wanawake wamesimama na sare zao, mwimbaji amefika penyewe, watu wanatunza, mara king'ora cha Kituo kikalia masikioni mwa kila mtu. Hili ni jaribio, hili ni jaribio. Muziki ukakatika. Bibi harusi akaanza kulia, watoto wakakimbia. Wenzangu wawili wa kazini, niliowaalika mimi, wakainuka na kuanza kugawa vipeperushi vya namna ya kuhama, mezani, juu ya sahani za pilau!

Halafu ikaja sauti yangu, imejaa kicheko: "Shangazi ee! Hawa watu wa Kituo ndio wanaochafua hali ya hewa, tena makusudi!"

Wewe mwenye Kiswahili chako unajua nilichosema. Mtu akija kwenye shughuli akawanunisha watu, kachafua hali ya hewa. Mtu akijamba ndani ya gari, kachafua hali ya hewa. Nilikuwa nawasema wenzangu kwa kutuharibia harusi, basi! Meza nzima iliangua kicheko. Ninaisikia mpaka leo.

"Nyuma yako alikaa Bi Mwajuma wa mashine ya kusaga," Lwitiko akasema. "Kesho yake aliwasimulia watu ambao hawakuwepo. Kufika mdomo wa nne, harusi ilishadondoka njiani. Kufika wa tisa, wakaongeza: Sikudhani wa Bi Tatu anafanya kazi humo humo, kasema kwa kinywa chake. Hapo ndipo uliposhika moto. Koki ilikuja baadaye."

Nilikaa sakafuni pale pale, sikutafuta hata kiti. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Wangu uliponza kijiji.

*

Lwitiko alichuchumaa mbele yangu. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kuwatoa kwa nguvu haiwezekani, sheria imekataza tangu ule uhamisho wa zamani, watu walipopandishwa magari kwa ahadi ya mwaka mmoja na waliporudi wakakuta uzio. Kwa hiyo njia ni mbili. Nikienda nikakiri kwamba ulikuwa utani, Chimbuko linakadiria watatoka thelathini na mmoja katika mia. Au tupande uvumi wa pili juu ya ule wa kwanza. Hapo watatoka tisini na saba.

"Uvumi gani?"

Akanisomea. "Wakubwa wanataka mbaki. Matrela yameletwa ili muyakatae wenyewe, mzame, ardhi ibaki haina mtu wa kuidai. Atakayepanda sasa ndiye atakayerudi kuidai."

"Loo! Nani mwenye akili zake ataamini upuuzi huo?"

"Wale wale walioamini wa kwanza."

"Mkuu, wale si wajinga. Shangazi yangu anaweza kukuhesabia misimu arobaini ya mto ule bila kukosea."

"Sijasema wajinga. Siku, maji hayana mwenyewe. Huwezi kuyashtaki, huwezi kuyabembeleza, hayakujui jina. Hilo linatisha kuliko adui. Mtu mwenye koki mkononi unaweza kumwomba, unaweza kumpiga, siku moja unaweza kumshinda. Wanamtaka mtu huyo. Sisi tunawapa tu maneno yake mapya."

"Yaani tunawapa ugonjwa ule ule tuuite dawa. Na mwakani je? Mvua ya mwakani tutawaambia nini?"

"Mwakani watakuwa hai," akasema.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa yangu. Mtambo ungeweza kuiga sauti yangu na kuipenyeza kwenye sikio la Bi Mwajuma mashineni, lakini sheria inataka mwenye sauti akubali. Nikamwambia sikubali. Nikamwambia Shangazi sijamdanganya tangu nilipoiba sukari nikiwa na miaka saba, na hata siku ile nilikiri kabla ya magharibi. Sijui kwa nini nilimwambia habari za sukari.

"Basi nenda kamwambie kweli," akasema. "Una mpaka saa saba. Wakianza kupanda baada ya hapo, matrela hayatawahi kufika kilimani."

*

Nilifika Kipapuni saa tano na nusu. Watu walikuwa wamejaa mbele ya mashine ya kusaga, wamekaa wanayatazama matrela kama mtu anavyomtazama mgeni asiyetaka kuaga. Shangazi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliponiona alifurahi, nami nikatamani asingefurahi.

Nikapanda juu ya gunia la pumba nikasema yote. Nikasema ni mimi niliyesema, na nilisema nini, na nilimaanisha nini. Nikawaigizia na ile harusi, king'ora, vipeperushi juu ya pilau. Sikuficha kitu. Nikawaomba radhi kwa jina la Mungu, nikawaambia mnarani hakuna koki, kuna vipimo na betri na viota vya mbayuwayu. Nikawaambia saa kumi.

Halafu Hemedi akacheka, cheko la huzuni, akaja kunishika mkono kuniteremsha. "Dada," akasema, "wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu!"

Shangazi aliweka ungo chini. Akanigeuza viganja, akanitazama shingoni, nyuma ya masikio. Alikuwa ananikagua kama nimepigwa!

"Shangazi, nasema kweli."

"Bi Mwajuma," akaita bila kuniachia, "ulimsikia siku ile au hukumsikia?"

"Kwa masikio yangu haya mawili," Bi Mwajuma akajibu kutoka mlangoni kwa mashine, uso mweupe kwa unga. "Na lisemwalo lipo."

"Ulisikia utani, Bi Mwajuma! Wewe mwenyewe ulicheka!"

"Nilicheka kwa sababu ulikuwa wa kweli."

"Mwanangu," Shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole mno, ningependelea anipige. "Siku ile ulikuwa umeshiba, umevaa vizuri, umekaa na watu wako, hakuna aliyekuuliza kitu. Neno likakutoka lenyewe. Leo umekuja na gari lao, unalia, unaongea kama unasoma karatasi. Nimwamini Siku yupi? Yule aliyekuwa anacheka au huyu?"

Haki ya Mungu, hata mimi ningemwamini yule wa harusini.

"Tena nikuulize," akaendelea. "Mvua kama ni ya Mungu peke yake, nyie saa ya kufika maji mmeijuaje?"

"Tunapima, Shangazi. Huko juu tunapima, tunahesabu mwendo."

"Aliyefungua mlango ndiye anayejua saa ya mgeni. Mimi na baba yako tulipandishwa gari kama lile pale. Tulikuwa tunaimba. Mwaka ulipokwisha tukarudi tukakuta uzio, na mbwa ndani yake. Baba yako hakuimba tena mpaka alipokufa. Usiniambie habari za magari."

Watu wakaitikia. Hawakuwa na hasira na mimi hata kidogo, hilo ndilo lililonivunja. Walikuwa wananihurumia. Mama mmoja aliniletea maji ya kunywa. Nikazungusha macho: watoto wanacheza kwenye magurudumu ya matrela, kuku, baiskeli, nguo kwenye kamba, kila kitu kipo, jua linawaka. Saa kumi yote hayo yangekuwa chini ya maji. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nane.

Sikumpigia Lwitiko. Sauti ya mtambo sikuitaka. Nilifanya mwenyewe, kwa mdomo ule ule.

Nilimwinamia Shangazi sikioni. "Umenibaini," nikamwambia. "Wamenibana. Wamenituma nikiri ili mnione mwongo, mkatae kupanda, mbaki. Wanataka mbaki, Shangazi. Mkizama hakuna wa kuidai ardhi."

Nikaona uso wake unatulia, kama mtu aliyechomolewa mwiba. Mambo yote yalikuwa yamekaa sawa kwake sasa: machozi yangu, gari, saa ya maji, uzio. Akanikumbatia, akaninong'oneza, "Nilijua. Nilijua we mtoto wangu hutaniangusha." Halafu akaenda kwa Bi Mwajuma, na Bi Mwajuma akazima mashine.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Robo saa haikufika magodoro yalikuwa yanapita juu ya vichwa. Watu walioyapa matrela mgongo tangu jana walikuwa wanasukumana kuyapanda, wanapakia mbuzi, wanapakia milango ya nyumba zao. Walikuwa na furaha! Walikuwa wanamshinda mtu. Hemedi akanipa mkono akisema, "Sasa ndiyo umesema, dada," akapotea kwenye vumbi.

"Wanapanda," Lwitiko akasema sikioni mwangu. "Umetumia maneno yetu?"

"Nimetumia yangu."

Nilijiona nimefaulu. Naandika hivyo bila kujitetea. Trela la mwisho lilipoondoka nilikaa nyuma kati ya mbuzi wawili, nikacheka peke yangu kwa faraja.

*

Kilimani wakaitwa majina. Walipungua kumi na mmoja, wote wanaume, na Hemedi mmojawapo.

Tisini na saba katika mia. Wale watatu nilidhani ni wabishi wa kubaki vitandani. Sikuuliza. Miaka minne nafuatilia maneno ya watu, na sikuuliza wale watatu wanaelekea wapi!

"Siku." Ilikuwa sauti ya Lwitiko. "Naona watu mnarani. Wana spana za mabomba na nondo. Wanatafuta nini pale?"

Lahaula. Niliwaambia kuna mtu anayetaka wafe. Wengi wakamkimbia. Kumi na mmoja wakaenda kupambana naye.

"Nipe kipaza sauti cha mnara," nikasema. "Haraka, Mkuu, nipe!"

Akanipa. Nikapiga kelele mpaka koo likachubuka. "Hemedi! Ni mimi, Siku! Hakuna koki! Nilidanganya, niliwadanganya ili mtoke! Ondokeni hapo, maji yanakuja, ondokeni!"

Ikaja sauti ya Hemedi, anahema, na nyuma yake chuma kinagongana na chuma.

"Dada, nakusikia! Wamekukamata tena, eh? Usiogope, sema chochote wanachotaka, usikubali wakuumize. Tumeshavunja mlango wa kwanza. Tunaifunga sasa hivi!"

"Hemedi, naapa kwa kaburi la baba—"

"Vumilia, dada! Dakika tano tu!"

Maji yalikuja kabla ya saa kumi. Kutoka kilimani hatukusikia kishindo ninachosikia watu wakisimulia. Tuliona tu mpunga unalala, kisha mapaa, kisha mstari wa rangi ya udongo unapita mahali palipokuwa na mnara. Masikioni mwangu kulikuwa na sauti ya mtu anaita jina la mkewe mara mbili. Halafu hakukuwa na kitu.

Bondeni kulijaa maji, na juu yake jua linawaka vile vile. Watu waliokuwa wanaimba ndani ya matrela walisimama wakitafuta kwa macho mahali zilipokuwa nyumba zao. Mke wa Hemedi alikaa chini, akaanza kujifunga na kujifungua ushungi, kujifunga na kujifungua, hakuna aliyeweza kumzuia.

Shangazi Tatu hakulia. Alinijia polepole akanishika mabega. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Niambie jina," akasema. "Wewe uko ndani yao, unawajua. Nani aliifungulia?"

Nikasema, "Mimi."

Akanitazama.

"Ni mimi, Shangazi. Hakuna aliyefungua kitu. Ni mvua. Nilikudanganya pale mashineni ili mtoke, na Hemedi akaamini, akaenda. Mimi ndiye—"

Kiganja chake kikanifunga mdomo. "Shii," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Shii, mwanangu. Mmoja wameshanichukulia. Hapa hapa kilimani bado wanakulazimisha?"

Nikatikisa kichwa. Nikajaribu kusema tena, chini ya kiganja, nikisukuma kwa ulimi na meno. Alizidi kukaza. Akageuka akawaita wanawake, wakaja mbio. Bi Mwajuma alikuwa wa kwanza kuvua khanga yake ya juu. Wengine nao wakavua, wakazitandaza juu yangu na kunizunguka pande zote, ili Kituo kisinione.